Chanjo ya kuzuia kisukari aina ya kwanza: maswali ya wazazi na majibu yake

Maswali haya huulizwa na wazazi wa watoto wanaochoma insulini, kwenye mabenchi ya kliniki na kwenye makundi ya WhatsApp, hasa kila inaposambaa habari kwamba "chanjo ya kisukari imepatikana". Mengine yana majibu mafupi, mengine yanahitaji maelezo marefu kidogo. Ukurasa huu unahusu kisukari aina ya kwanza tu, ule unaowashika zaidi watoto na vijana. Aina ya pili, inayowapata zaidi watu wazima, ina mambo yake.

Je, chanjo imeshapatikana?

Bado. Hakuna nchi inayochanja watoto dhidi ya kisukari aina ya kwanza, na hakuna hospitali, ya serikali wala ya binafsi, inayoweza kumpa mwanao chanjo hiyo leo. Kilichopo ni utafiti mzito wa zaidi ya miaka 30, pamoja na dawa moja iliyothibitika kuchelewesha ugonjwa kwa watu ambao tayari wameanza safari ya kuelekea huko. Dawa hiyo ina swali lake hapo chini.

Kisukari hakiambukizi. Sasa chanjo ni ya kukinga nini?

Swali zuri, na ukielewa jibu lake, yaliyobaki yote yatakaa sawa.

Ndani ya kongosho kuna vijisehemu vidogo vyenye seli zinazoitwa seli za beta. Kazi yake ni kutengeneza insulini, homoni inayoruhusu sukari itoke kwenye damu na kuingia kwenye seli za mwili. Mtu anapopata kisukari aina ya kwanza, kinga yake mwenyewe ndiyo imezigeukia seli hizo na kuziua. Seli nyeupe za aina ya T, ambazo kazi yake ni kuua seli zilizoingiwa na virusi, huanza kuzishambulia seli za beta kana kwamba ni adui. Shambulio linaweza kuchukua miezi au miaka bila dalili yoyote. Mtoto anapoanza kukojoa sana na kukonda, sehemu kubwa ya seli hizo imeshapotea.

Kwa hiyo watafiti wana njia mbili. Ya kwanza ni chanjo ya kawaida kabisa, kama ya polio au surua, dhidi ya virusi vinavyoshukiwa kuuanzisha ugomvi huo. Ya pili inakwenda kinyume na chanjo tulizozoea: badala ya kuiamsha kinga, inaituliza, tena kwa kitu kimoja tu. Mbwa wa nyumbani haachi kazi ya ulinzi kwa sababu amezoeshwa harufu ya mtoto wa mwenye nyumba. Anaendelea kubwekea wezi, ila huyo mmoja hamgusi. Watafiti wanataka kinga iizoee insulini na seli za beta kwa namna hiyo, huku ikiendelea kupambana na malaria, kifua kikuu na mengineyo.

Ni kwa sababu nilimpa mwanangu soda na biskuti nyingi?

Hapana. Kisukari aina ya kwanza hakiletwi na kula sukari, wala na mama kula vitamu akiwa mjamzito. Mzazi yeyote aliyeambiwa hivyo na jirani, shemeji au hata mhudumu wa afya, aliambiwa jambo lisilo kweli.

Ni virusi gani hivyo vinavyoshukiwa?

Vinaitwa Coxsackie B, jina la mji mdogo wa jimbo la New York ambako virusi vya jamii hiyo vilitambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Ni ndugu wa virusi vya polio: vyote viko kwenye kundi la enterovirusi, vinaingia kwa mdomo na kuzaliana tumboni. Watoto wengi huvipata na kupona bila mzazi kujua, labda kwa homa ya siku mbili tatu tu.

Ushahidi dhidi yake umejengwa polepole. Seli za beta zina kipokezi ambacho virusi hivi hukitumia kuingia ndani ya seli, na zina kingi. Nchini Norway, watafiti wa Oslo walichukua vipande vidogo vya kongosho kutoka kwa watu wazima 6 waliokuwa wamegunduliwa kuwa na kisukari wiki chache tu kabla, na mwaka 2015 wakaripoti kwamba walikuta dalili za enterovirusi kwa wote 6. Idadi iliishia hapo kwa sababu upasuaji ule ulileta madhara na utafiti ukasimamishwa. Hao watu 6 walijitolea kitu kikubwa sana kwa ajili ya wengine. Kisha kuna TEDDY, utafiti unaofuatilia maelfu ya watoto tangu uchanga huko Marekani, Finland, Sweden na Ujerumani. Mwaka 2019 ulionyesha kwamba watoto waliokaa na enterovirusi ya kundi B tumboni kwa muda mrefu, ikionekana kwenye choo chao sampuli baada ya sampuli, ndio waliokuwa kwenye hatari zaidi ya kinga yao kuanza kushambulia kongosho. Kupitiwa na virusi siku chache hakukuonyesha uhusiano huo.

Hapa pana neno la tahadhari. Kukuta virusi mahali pa tukio hakutoshi kusema ndivyo vilivyotenda. Njia moja ya kumaliza ubishi ni kuwachanja watoto dhidi ya virusi hivyo na kuona kama kisukari kinapungua.

Je, chanjo dhidi ya Coxsackie B imeshajaribiwa kwa watu?

Ndiyo, hatua ya kwanza imeshafanyika Finland, na si bahati mbaya kwamba ni Finland. Nchi hiyo ndiyo inayoongoza duniani kwa ugonjwa huu: kila mwaka wanaugua zaidi ya watoto 50 kati ya kila 100,000 walio chini ya miaka 15. Tangu 1994, hospitali za Turku, Oulu na Tampere zimekuwa zikipima jeni za watoto wachanga kwa damu ya kitovu, na kuwafuatilia wenye hatari kubwa mwaka hadi mwaka. Profesa Heikki Hyöty wa Tampere ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi akivifuatilia virusi hivi kwenye sampuli hizo.

Chanjo yenyewe iliitwa PRV-101. Imetengenezwa kwa virusi vilivyouawa, vya aina tano kati ya sita za Coxsackie B. Walichanjwa watu wazima 32 wenye afya njema, dozi tatu kwa nafasi ya wiki nne, wengine wakipewa sindano isiyo na chanjo ili kulinganisha. Matokeo yaliyochapishwa 2024 yalionyesha kwamba chanjo haikuleta madhara makubwa na kwamba waliochanjwa walitengeneza kingamwili, yaani protini za kinga zinazomshika adui, za kuvizuia virusi hivyo.

Elewa vizuri jaribio hilo lilipima nini. Lilipima usalama, na kama mwili unaitikia. Halikupima kama chanjo inazuia kisukari. Kwa watu wazima 32 lisingeweza. Habari zilizosambaa zikisema "Finland wamepata chanjo ya kisukari" ziliruka hatua zote zilizobaki.

Mimi binafsi naiwekea njia hii matumaini kuliko nyingine. Hata kama itazuia sehemu tu ya kisukari, virusi hivi pia huleta uvimbe wa misuli ya moyo na maambukizi mabaya kwa vichanga, kwa hiyo chanjo ingekuwa na faida kwa vyovyote. Na ni teknolojia ya zamani: chanjo ya virusi vilivyouawa ndiyo iliyotumika kwa polio miaka ya 1950, na mfumo wetu wa kliniki za watoto unajua kuihifadhi na kuitoa.

Na ile njia ya kuituliza kinga imefikia wapi?

Imeanguka mara nyingi, na nadhani wazazi wana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi.

Jaribio kubwa la kwanza lilianza Marekani mwaka 1994. Zaidi ya ndugu 80,000 wa wagonjwa walipimwa damu ili wapatikane mamia machache waliokuwa kwenye hatari ya kweli. Hao walichomwa insulini kidogo kidogo kabla ya kuugua, kwa matumaini kwamba kinga ingeizoea. Mwaka 2002 jibu likaja: hakuna tofauti. Wenye hatari ya kiasi walipewa insulini ya kumeza. Mwaka 2005, tena hakuna tofauti kwa jumla. Ndani ya takwimu palionekana kundi dogo lililoelekea kunufaika, hivyo jaribio likarudiwa na watu 560, na mwaka 2017 matokeo yakawa yaleyale. Finland walijaribu insulini ya kupuliza puani. Haikusaidia. Ulaya na Amerika Kaskazini walijaribu vitamini ya nikotinamidi. Haikusaidia. Zaidi ya vichanga 2,000 katika nchi 15 walipewa maziwa maalumu ambayo protini zake zimevunjwavunjwa. Mwaka 2018 ikaonekana hayakupunguza ugonjwa.

Sweden walitengeneza chanjo ya GAD, protini iliyomo ndani ya seli za beta. Mwaka 2008 jaribio dogo kwa watoto waliokwishaugua lilitoa matumaini. Jaribio kubwa la watu 334 lililochapishwa 2012 likayavunja. Lakini walipochambua upya waligundua kwamba wagonjwa wenye aina fulani ya jeni za kinga ndio walioonekana kufaidika, wakaanza upya na hao peke yao, safari hii wakichoma chanjo moja kwa moja kwenye tezi la kinena kwa kuongozwa na ultrasaundi. Uingereza, watafiti wa Cardiff na London wamejaribu vipande vifupi vya proinsulini, yaani insulini kabla haijakamilika. Chuo Kikuu cha Stanford kimejaribu chanjo ya DNA ambayo ilipunguza seli T zinazoshambulia insulini bila kugusa kinga nyingine.

Majaribio hayo yalifundisha mambo mawili makubwa. Muda ni muhimu: ukimfikia mtu shambulio limeshakomaa, kuituliza kinga ni kazi ngumu. Na watu wanaotofautiana kwa jeni wanaweza kuhitaji chanjo tofauti.

Mbona kila mwaka tunasikia panya wameponywa?

Kuna ukoo wa panya uliopatikana Japani karibu 1980, ambao huugua kisukari wenyewe bila kufanywa chochote. Umewasaidia sana watafiti. Tatizo ni kwamba panya hao wanakingika kwa urahisi mno. Mambo zaidi ya mia moja yameshafanikiwa kwao, na karibu yote yameshindwa kwa binadamu. Ukiona kichwa cha habari, tafuta ndani yake neno "panya". Likiwepo, endelea na shughuli zako.

Nimesikia BCG inatibu kisukari. Watoto wetu si wamechanjwa wote?

Wamechanjwa, ndiyo: lile kovu la begani kwa Watanzania, au la mkononi kwa Wakenya, ni la BCG ya siku za kwanza za maisha. Na bado tuna watoto wenye kovu hilo wanaochoma insulini. Tafiti za Sweden, Ujerumani na Kanada zilizolinganisha waliopata BCG utotoni na wasioipata hazikuona kinga yoyote dhidi ya kisukari.

Habari unayoisikia inatoka Boston, kwa Dkt. Denise Faustman wa Hospitali Kuu ya Massachusetts. Yeye huwapa BCG, zaidi ya dozi moja, watu wazima ambao wameishi na kisukari kwa miaka mingi. Mwaka 2018 aliripoti kwamba katika kikundi kidogo cha wagonjwa wake, sukari ilishuka baada ya kama miaka mitatu na kubaki chini kwa miaka iliyofuata. Maelezo yake ni kwamba BCG hubadilisha namna seli nyeupe zinavyotumia sukari. Watafiti wengine wengi hawajaridhika, kwa kuwa watu walikuwa wachache mno. Kwa vyovyote vile hilo ni jaribio la kutibu watu wazima waliokwishaugua, si la kuzuia kwa watoto. Usimpeleke mwanao akachomwe BCG ya pili kwa ajili hii.

Na matone ya rotavirusi?

Australia iliingiza chanjo hiyo kwa watoto wote mwaka 2007, na uchambuzi wa 2019 ukaonyesha kisukari kimepungua kwa asilimia 14 kwa walio chini ya miaka mitano. Finland walipoangalia kwao hawakuona tofauti. Mpe mtoto matone hayo kwa sababu yanazuia kuhara kunakoua, na hiyo inatosha.

Je, chanjo za utotoni ndizo zinazoleta kisukari?

Hapana, na hili limechunguzwa kwa kina. Denmark ilifuatilia watoto 739,694, ikalinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa, na mwaka 2004 ikachapisha jibu: hakuna uhusiano. Kwa mtoto ambaye tayari ana kisukari chanjo ni muhimu hata zaidi, kwa sababu homa yoyote huvuruga sukari yake.

Dawa inayochelewesha ugonjwa ni ipi?

Inaitwa teplizumabu. Si chanjo, ingawa magazeti hupenda kuiita hivyo. Ni kingamwili iliyotengenezwa maabara ambayo hujishika kwenye seli T na kuzipunguza makali. Hutolewa kwa dripu ya angalau nusu saa kila siku, siku 14 mfululizo, na baada ya hapo basi.

Jaribio lake liliongozwa na Dkt. Kevan Herold wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Lilihusisha ndugu 76 wa wagonjwa, wengi wao watoto, ambao damu yao ilionyesha shambulio limeanza na sukari imeanza kuyumba, ila walikuwa bado hawajaugua. Waliopewa sindano isiyo na dawa, nusu yao walikuwa wameugua ndani ya takriban miaka miwili. Kwa waliopewa dawa, ilichukua takriban miaka minne. Tarehe 17 Novemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha itumike kwa wenye umri wa miaka 8 na kuendelea walio katika hatua hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia kwa dawa kuidhinishwa kuuchelewesha ugonjwa huu, miaka 100 tangu Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, achomwe insulini Toronto Januari 1922.

Kuna watu husema miaka miwili ni midogo. Muulize mama anayeamka saa nane usiku kumtoboa kidole mtoto wa miaka mitano, ampime kabla sukari haijashuka mno. Mtoto huyo akiugua akiwa na saba badala ya mitano, anakuwa ameshajua kusema "mama, natetemeka". Hilo peke yake linaweza kuokoa maisha.

Bei ndiyo inayouma. Ilipoingia sokoni Marekani, chupa moja ilikuwa dola 13,850, na dozi kamili ya siku 14 ilifika dola 193,900. Kwa bei hiyo hakuna kliniki ya kwetu inayoweza kuifikiria, na sioni sababu ya kuwaficha wazazi jambo hili.

Wanajuaje nani ataugua kabla hajaugua?

Kwa damu. Kinga inapoanza kushambulia, huacha alama: kingamwili dhidi ya insulini, dhidi ya GAD na dhidi ya protini nyingine mbili za seli za beta. Mtoto mwenye moja tu anaweza asiugue kamwe. Mwenye mbili au zaidi, hata kama sukari yake ni ya kawaida kabisa, anahesabiwa yuko hatua ya kwanza ya ugonjwa. Utafiti wa 2013 uliokusanya watoto wa Finland, Ujerumani na Marekani ulionyesha kwamba karibu asilimia 70 ya watoto wa namna hiyo waliugua ndani ya miaka 10. Sukari inapoanza kuyumba ni hatua ya pili. Dalili zinapotokea ni ya tatu.

Jimbo la Bavaria huko Ujerumani limekuwa likiwapima watoto kwa hiari tangu 2015, na mwaka 2023 Italia ilipitisha sheria ya kuwapima watoto wa nchi nzima. Faida yake haikai kwenye dawa peke yake: familia inayojua mapema haisubiri mtoto azimie ndipo imfikishe hospitali.

Nina mtoto mmoja mgonjwa. Wadogo zake nao wataugua?

Uwezekano mkubwa ni kwamba hawataugua. Kwa takwimu za Ulaya, ndugu wa mgonjwa ana hatari ya karibu asilimia 5. Pacha wa kufanana hatari yake ni kubwa zaidi. Wagonjwa wapya walio wengi hawana mtu mwenye ugonjwa huu kwenye ukoo. Vipimo vya kingamwili hapa kwetu ni vya gharama na havipatikani kila mahali, lakini mashine ya kupimia sukari ipo nyumbani tayari. Mdogo mtu akianza kunywa maji kupita kiasi, mtoboe kidole siku hiyohiyo.

Tafiti hizi zote ni za Wazungu. Zinatuhusu?

Zinatuhusu, lakini si kwa namna tunayodhani, na hili ndilo swali ambalo ningependa madaktari na wizara zetu walibebe kwa uzito.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kisukari aina ya kwanza ni adimu sana Afrika. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa 1993, baada ya kuangalia miaka 10, ulipata takriban wagonjwa wapya 1.5 kwa mwaka kwa kila vijana na watoto 100,000 walio chini ya miaka 20. Ukilinganisha na Finland ni kidogo mno. Lakini anayehesabiwa ni yule aliyefika hospitali akiwa hai na kupimwa sukari. Mtoto aliyefia kijijini kwa kile kilichoitwa malaria kali hayumo kwenye hesabu.

Kisha mwaka 2025 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa YODA, uliofanyika Kamerun, Uganda na Afrika Kusini kwa watu 894 walioanza kuugua wakiwa wadogo na waliokuwa wakitibiwa kama wenye aina ya kwanza. Takriban thuluthi mbili hawakuwa na kingamwili zile nilizozitaja hapo juu. Hawakuwa na insulini ya kutosha mwilini, na hawakufanana na wagonjwa wa aina ya pili, lakini alama ya shambulio la kinga haikuwepo. Maana yake, huenda miongoni mwa watoto tunaowaita wa aina ya kwanza, wengi wana ugonjwa wenye chanzo kingine kabisa.

Fikiria hilo linafanya nini kwenye habari ya chanjo. Chanjo ya kuituliza kinga haiwezi kumsaidia mtoto ambaye kinga yake haikushambulia kitu. Chanjo ikipatikana kesho kutoka Tampere au Cardiff, inaweza kuwafaa baadhi ya watoto wa Kampala na isiwafae wenzao waliokaa benchi moja nao. Na hatutajua ni nani kati yao, kwa sababu hatuwapimi. Kabla ya kuomba tugawiwe chanjo inabidi tuwafahamu wagonjwa wetu wenyewe: kipimo cha kingamwili na cha C-peptidi, kinachoonyesha insulini iliyobaki, kwa kila mtoto anayegunduliwa Muhimbili, Mulago, Kenyatta au Bugando. Hapo ndipo tunapaswa kuweka fedha na sauti yetu.

Chanjo ikipatikana, itamponya mwanangu anayechoma sasa?

Chanjo ya kuzuia haiwezi kurudisha seli zilizokwishakufa. Ila kuna utafiti kwa ajili ya waliogunduliwa karibuni, unaojaribu kuokoa seli zilizobaki. Norway waliwapa watoto na vijana 96 dawa mbili za kuua virusi kwa miezi sita tangu wagunduliwe. Baada ya mwaka mmoja walibaki na insulini yao wenyewe nyingi kidogo kuliko wenzao. Melbourne, Australia, walijaribu vidonge vya barisitinibu, vinavyotumika kwa ugonjwa wa baridi yabisi, kwa watu 91, na matokeo ya 2023 yalielekea hukohuko. Wote waliendelea kuhitaji insulini.

Kuna mtu anauza chanjo au dawa ya asili ya kumaliza kisukari cha watoto.

Usinunue, na zaidi ya yote usiache insulini hata kwa siku moja ili "kuijaribu". Mtoto wa aina ya kwanza anayekatishwa insulini anaweza kufa ndani ya siku chache. Tumewazika watoto waliopelekwa kwenye maombi au kwa mganga chupa ya insulini ikiwa imebaki nyumbani, imejaa. Omba, ndiyo. Choma, kisha omba.

Itachukua miaka mingapi?

Yeyote anayekutajia mwaka anabahatisha. Kinachochelewesha kinaeleweka: ili uthibitishe chanjo inazuia ugonjwa huu, lazima uwachanje vichanga, uwe na wengine wasiochanjwa, kisha usubiri miaka mpaka baadhi yao waugue. Hata Finland, ugonjwa unawapata watoto wachache kiasi kwamba unahitaji maelfu ya familia zenye subira. Na kwa kuwa wengi wa watoto hao wasingeugua hata bila chanjo, usalama wake lazima uwe wa hali ya juu sana.

Nikiombwa mtoto wangu ashiriki utafiti, nikubali?

Inafaa kufikiria, si kukataa kwa hofu. Uliza mambo haya kabla hujatia saini: utafiti umepitishwa na kamati ya maadili ipi; damu itachukuliwa kiasi gani na itapelekwa wapi; mtoto akipata madhara nani atamtibu; na insulini yake itaendelea kutolewa utafiti ukiisha? Majibu yatolewe kwa Kiswahili au lugha unayoielewa, kwa maandishi, na uruhusiwe kwenda nayo nyumbani. Una haki ya kujitoa siku yoyote bila mtoto kunyimwa huduma zake za kawaida.

Mwanangu hajagunduliwa na chochote, lakini wiki hii anakunywa maji sana, amekonda, na ameanza tena kukojoa kitandani.

Acha kusoma, mpeleke sasa hivi kituo chochote chenye mashine ya kupimia sukari. Tone moja la damu ya kidole, jibu ndani ya sekunde chache. Wakitaka kumpima malaria, wampime, lakini sisitiza na sukari ipimwe, hata kama malaria imeonekana. Akiwa anatapika, anahema kwa nguvu na haraka, au pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva sana, hiyo ni dharura: anahitaji hospitali yenye insulini na dripu usiku huohuo, si kesho asubuhi. Akigunduliwa, uliza kliniki ya watoto wenye kisukari iliyo karibu. Mradi wa Changing Diabetes in Children, ulioanza 2009, umewezesha kliniki za namna hiyo Tanzania, Kenya na Uganda kutoa insulini na vifaa vya kupimia bila malipo kwa watoto walioandikishwa.